Shukrani kwa dada aliyeokoa banda langu

Jina lake silitaji, mwenyewe kanikataza, lakini hapa Mikindani wapo watakaomtambua.

Alfajiri ile nilimkuta tetea wangu kalala ubavu, miguu imepooza, shingo imepinda mpaka kichwa kinatazama mgongoni. Kinyesi cha kijani. Jana yake tu alikuwa akiparua chini ya mkorosho. Nilikaa kizingitini nikalia.

Dada huyu alikuwa akipita na ndoo yake ya dagaa. Akaitua. Akamtazama kuku, akauliza nimechanja lini. Nikasema sijawahi. Hakunifokea. Akaniambia huenda ni kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, na dawa ya kukiponya haipo. Akamtenga mgonjwa kwenye tenga, akamdondoshea maji pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo asipaliwe. Kabla ya kuondoka akaosha mikono na miguu kwa sabuni, maana naye ana kuku nyumbani.

Kesho yake akarudi na chanjo ya kideri iitwayo I-2 ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kuku 11 wasio na dalili, kila mmoja tone moja jichoni, huku akinionyesha namna ya kushika kichwa. Alisema wazi kuwa aliyekwisha kuambukizwa chanjo haimponyi. Tetea alikufa, na wengine wawili. Tuliwafukia shimo refu.

Tisa wazima. Pesa alikataa, alichotaka ni nimwite baada ya miezi mitatu, siku ya kurudia chanjo, tupite na kwa jirani zangu. Siku yenyewe ni Jumamosi hii. Jirani zangu, msiwafungulie kuku asubuhi, tunakuja.