Barua ya wazi kwa Mbunge wa Molo: mpangaji wa Elburgon analindwa na nani?

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu niliyehamia Elburgon, Kaunti ya Nakuru, na ninakuandikia kuhusu nyumba za kupanga.

Mji huu ulijengwa na mbao. Vyumba vingi ni vya enzi za mashine za kupasua magogo: kuta za mabanzi, paa la mabati, choo kimoja kwa ploti nzima. Vilimfaa kijana wa kupakia mbao aliyerudi usiku kulala tu. Leo wanaovitafuta ni wauguzi, walimu, akina mama wenye watoto. Baridi ya huku unaijua. Mwezi wa Julai upepo unapita kwenye nyufa hadi kitandani, na mzazi anaingiza jiko la makaa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hilo linanitisha kuliko kodi yenyewe.

Marufuku ya kukata miti ya mwaka 1999, kisha ya Februari 2018, iliwaumiza wenye ploti pia. Kazi zilipoisha, wapangaji wao waliondoka. Lakini tangu Rais atangaze akiwa Molo, Julai 2023, kwamba marufuku imeondolewa, kuna wanaotoza kodi ya matumaini. Mmoja alinipandishia bei kabla sijaingia, akidai mashine zinarudi. Mwingine alipokea dipoziti bila risiti, kisha chumba akampa mtu mwingine. Pesa hizo bado ninazidai.

Nikaambiwa niende kwenye baraza la kodi za nyumba. Kumbe Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi! Anayelipa 2,500 hafukuzwi bila amri ya baraza. Jirani yake anayelipa 3,500, ukuta wa mbao ukiwatenganisha, anaambiwa aende mahakamani, naye wakili atamlipa na nini?

Kila mwezi ninakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Sipingi. Ila hadi nyumba hizo zitufikie, tunaishi kwenye mabanzi.

Naomba upeleke bungeni marekebisho: kiwango cha 2,500 kipandishwe kilingane na kodi za leo, dipoziti isipokelewe bila risiti, na baraza lisikilize kesi hapa Molo. Nikiitwa kutoa ushahidi, nitakuja.

Mpangaji, Elburgon