Mama, uliniuliza huku tunakula nini

Kyoto, Desemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani Makunduchi. Sisi huku Japani hatujambo, alhamdulillahi. Mkweo anakusalimu sana na wajukuu zako wanakuamkia.

Wiki iliyopita kwenye simu uliniuliza, "Mwanangu, huko mnakula nini hasa?" Nikakujibu mbiombio, "Wali na samaki, mama, kama huko." Jibu lile limenikaa kooni tangu siku hiyo, maana nilikujibu kama mtu asiyepika. Ndiyo maana naandika. Mwambie mdogo wangu akusomee polepole, jioni, mkiwa barazani.

Jikoni kwa mavyaa wangu kuna kalenda isiyo na picha hata moja. Mwaka wameukata vipande 24, kila kimoja siku kumi na tano hivi, halafu kila kipande wamekikata tena mara tatu, vikawa 72. Kila kijipande kina jina: upepo wa mashariki unayeyusha barafu, chipukizi za mianzi zinachomoza, matunda ya ume yanageuka manjano. Mwaka wangu wa kwanza niliiona kama pambo la ukutani. Sasa siendi sokoni kabla sijaitazama.

Tena wana maneno matatu ya kupimia chakula. Kinapotokea mara ya kwanza kinaitwa hashiri, yaani kinachokimbia mbele ya wenzake, ndilo limbuko letu. Kikifikia utamu wake wote ni shun. Kikiwa kinaaga ni nagori, na mavyaa alinieleza kuwa asili yake ni maji na alama zinazobaki mchangani wimbi likisharudi. Aliponiambia hivyo nilikuona wewe, kapu mkononi, ukipanda kutoka pwani maji yakianza kujaa.

Nafasi ambayo kwetu inashikwa na tui, huku inashikwa na dashi, mchuzi mwepesi ambao ukiutazama utadhani ni maji yaliyotiwa majani ya chai kidogo. Unaanza na mwani uitwao kombu. Si kama huu mwembamba mnaoulima wewe na shangazi. Huu ni mpana kama ukanda, mgumu kama ngozi iliyokauka, na una unga mweupe juu ambao haufai kuoshwa. Naulowesha usiku kucha kwenye maji baridi. Asubuhi naubandika kwa moto mdogo na kuutoa kabla maji hayajachemka, kwani ukichemka unatoa ute na harufu nzito. Kisha natia katsuobushi: jodari mdogo aliyechemshwa na kukaushwa kwa moshi hata akawa mgumu kama gogo, halafu akaparuzwa kama maranda ya seremala. Nazima moto, nasubiri maranda yazame, nachuja. Nyumba nzima inanukia bahari, na mji huu, mama, umezungukwa na milima.

Kombu inatoka Hokkaido, kaskazini kabisa. Zamani ililetwa na majahazi yaliyoitwa kitamaebune, yakitweka tanga baridi ikiisha na kurudi kabla baridi haijaingia tena, yakinunua na kuuza bandari kwa bandari. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka babu na hadithi zake za vyombo vya kaskazi na kusi. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda, mzaliwa wa mji huu huu wa Kyoto, alichunguza mchuzi wa kombu akatoa kile kinachouletea ladha, akaiita ladha hiyo umami. Wewe unaijua bila jina: ndiyo ile inayobaki ulimini ukishakunywa supu ya pweza.

Lile ulilonisisitizia siku ya harusi sijalisahau. Mapishi mengi ya huku yanatiwa sake, pombe ya mchele, au mirin, yenye utamu wa kupikia, na vyote viwili vina kileo. Mavyaa alipojua kuwa sivitumii hakusema neno. Wiki iliyofuata nilikuta sufuria mpya rafuni, yangu peke yangu. Mahali pa mirin natia sukari kidogo, na mchuzi wa soya natafuta usioongezwa kileo. Mng'ao unapungua, lakini chakula kinasimama.

Aprili ni mwezi wa chipukizi za mianzi. Zinachimbwa alfajiri upande wa magharibi wa mji, kule Nagaokakyo, zingali chini ya udongo, kabla hazijaona jua. Mavyaa huziweka sufuriani saa ileile zinapofika, maana kila saa inayopita uchungu unazidi. Unazichemsha na maganda yake, pamoja na ukufi wa pumba laini za mchele na pilipili moja kavu, zaidi ya saa nzima, kisha unaziacha zipoe ndani ya maji yale yale. Nyingine zinapikwa na wali. Nyingine na mwani laini wa wakame, juu unaweka jani bichi la sansho, mti wa kiungo, ulilolipiga kwanza kati ya viganja ili litoe harufu. Siku ya kwanza nilidhani anapiga makofi ya furaha!

Juni mvua inanyesha wiki nyingi, na maandishi yao yanaiita mvua ya ume. Ume ni tunda dogo la jamii ya aprikoti, kali, haliliwi bichi, husindikwa kwa chumvi. Hapo ndipo nilipojifunza kunyamaza na kufuata. Kilo moja ya matunda yaliyoiva inataka gramu 180 za chumvi, na jiwe zito juu yake. Mwaka wangu wa pili niliona chumvi hiyo ni nyingi mno nikaipunguza karibu nusu, ukungu ukaingia, nikamwaga mtungi mzima. Nililia, mama. Mavyaa aliniletea wake, akanionyesha maji mekundu yaliyopanda juu ya matunda, akasema mvua ikikatika tutaanika pamoja. Mwisho wa Julai tukaanika siku tatu, juu ya ungo wa mianzi, tukigeuza moja moja kwa vidole. Ilikuwa achari yako ya embe juu ya paa la jiko, ungo ule ule, jua lile lile, na mimi nikifukuza ndege. Ume ikishakauka hivyo inaitwa umeboshi, na moja inatosha sahani nzima ya wali.

Na sasa nikwambie la pweza, maana hili ni lako. Siku ya kumi na moja tangu jua lifike upeo wake wa kiangazi, yaani tarehe 2 Julai hivi, inaitwa Hangesho, ni mojawapo ya vile vijipande 72. Wakulima walitakiwa wawe wamemaliza kupanda mpunga siku hiyo. Na watu wa upande huu wa nchi wanakula pweza, wakiomba miche ishike udongo kama pweza anavyoshika jiwe. Muuza samaki wa mtaani kwetu anawapanga mbele ya duka tangu asubuhi. Nilipoona mara ya kwanza nilisimama njiani. Watu wa mji wa milimani wanamngoja pweza kwa tarehe! Mavyaa alimsugua kwa chumvi mpaka ute ukaisha, akamchemsha muda mfupi, akamkata vipande vyembamba na kumchanganya na matango na siki. Mimi nilimwomba mguu mmoja, nikautwanga kama unavyoutwanga wewe, nikaupika kwa tui la kopo. Alionja, akaweka kijiko chini, akauliza: "Mama yako anamvua mwenyewe?" Nikamweleza bamvua, maji yanapokupwa mbali, na mkuki, na akina mama waliotawanyika mwambani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba niwaelezee na majirani zake wawili.

Kiangazi kilichobaki ni joto tu, tambi baridi za somen na chai ya shayiri.

Lakini usiku wa kumi na tano wa mwezi wao wa nane wa kalenda ya zamani, ambao huangukia Septemba au mwanzo wa Oktoba, wanakaa kuutazama mwezi mpevu. Jina lake la pili ni mwezi wa magimbi, kwa sababu ndipo magimbi mapya yanapovunwa. Ni madogo, yanaingia kiganjani. Mengine yanachemshwa na ganda, unabonyeza yanachomoka unachovya chumvi. Mengine yanapikwa kwa dashi na soya mpaka yakolee. Mwaka huu nikapika kwa nazi, kama futari, tukala uani mwezi ukiwa juu ya paa. Mjukuu wako mkubwa alisema mwezi huo unaonekana na kwa bibi pia. Nikamwambia ndiyo, ila kwa bibi bado ni mchana.

Magimbi yale hurudi tena Mwaka Mpya, kichwa kikubwa cha gimbi ndani ya mchuzi wa miso nyeupe, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa, na vibonge vya mviringo vya mchele uliotwangwa, mochi. Tokyo wanaweka mochi ya pembe nne kwenye mchuzi mwepesi, na watu wa Kyoto hawakubali hata kidogo kuwa huo ni huo. Kwenye makasha ya siku hiyo kuna pia maharage meusi yaliyopikwa kwa sukari siku mbili. Mame ni maharage, na mame ni kuwa na afya na bidii ya kazi, basi kila mtu lazima ale.

Mama, nina ombi. Mjomba bado anahesabu miongo tangu siku ya Mwaka Kogwa, siku kumi kumi, kama babu alivyomfundisha. Mwambie mdogo wangu akae naye na simu amrekodi: mwongo wa ngapi unapanda nini, lini vuli inaingia, samaki gani wanakuja na upepo upi na lini wananona. Na wewe useme lini pweza ni wadogo wa kuachwa, na mnapika nini siku ya Mwaka, kwa mpango gani. Nilikua nikila vyote hivyo nisijue vilikuwa na siku zake. Nitaandika kwa mkono na kutundika pembeni ya kalenda ya mavyaa. Ameshanionyesha mahali, ameshapigilia msumari.

Leo ni siku fupi kuliko zote. Huku inapikwa boga lililowekwa tangu kiangazi, na maji ya kuoga yanatiwa yuzu, tunda la jamii ya ndimu lenye harufu kali. Boga nimelibandika nikiandika, sasa nasikia mchuzi unakauka. Naenda kulitoa.

Wasalaam,
Mwanao