Somo la ubongo lifundishwe kwa maneno yanayokaa kichwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonigusa kila muhula, nalo ni namna tunavyowafundisha wanafunzi wa saikolojia habari za ubongo. Wengi wao walisoma michepuo ya sanaa, na wanapokutana na majina ya Kilatini na Kigiriki huyakariri kwa ajili ya mtihani tu. Vitabu huwapa vifungu vya Kiingereza vya kukumbukia, kama kile cha neva 12 za kichwa, na mwanafunzi hujikuta anakariri mambo mawili badala ya moja.

Ilhali Kiswahili kina ramani tayari. Huwaambia wanafunzi waweke kiganja kwenye paji la uso, ndipo penye kupanga na kujizuia. Kisha utosini, penye hisia za mguso. Kwenye panja, jirani na sikio, penye kusikia. Na mwisho kisogoni, penye kuona. Aliyewahi kuanguka akajigonga kisogo akaona vimulimuli hasahau hilo kamwe. Hata majina ya kigeni yana picha ndani yake, kwani amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, maana yake ni lozi, na hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ni yule samaki aitwaye farasi wa bahari.

Mfano ninaoutegemea zaidi ni wa Henry Molaison, Mmarekani ambaye mwaka 1953 alikatwa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili ili kutibu kifafa, na tangu hapo hakuweza kuhifadhi matukio mapya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kiooni tu. Kwa siku 3 mkono ulizidi kuwa mwepesi, ingawa mwenyewe hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo. Darasani kwetu tunatumia kioo cha kunyolea, na daftari lililosimamishwa kuuficha mkono. Kalamu hupotea njia kwenye kila pembe ya nyota, wanafunzi hucheka, lakini kufikia mchoro wa tano mistari imenyooka, na wanaelewa bila mimi kueleza sana kwamba ustadi wa mkono na kumbukumbu za matukio havihifadhiwi mahali pamoja.

Ninawaomba wahadhiri wenzangu na Baraza la Kiswahili la Taifa tuandae kijitabu cha michoro ya ubongo chenye majina ya Kiswahili, cha bei ambayo mwanafunzi anaimudu, nami niko tayari kutoa maelezo ya masomo yangu yote ili tuanzie hapo.

Mhadhiri wa saikolojia,
Morogoro