Historia ya Jengo la Jiji la Fort Worth Iandikwe Mlangoni

Mhariri,

Habari yenu kuhusu ofisi mpya za Jiji la Fort Worth, Texas, haikugusa historia ya jengo lenyewe. Ghorofa hizo 20 zilifunguliwa mwaka 2004 kama makao makuu ya Pier 1 Imports, wauza samani na mapambo. Mwaka 2008 Chesapeake Energy, kampuni ya gesi, ikalinunua kwa dola milioni 104. Jiji lililipata mwaka 2021 kwa milioni 69.5. Bei ya kuokota, ukilinganisha!

Mlipa kodi anayekwenda kufuata kibali cha ujenzi ana haki ya kujua fedha zake zilinunua nini, na kwa nini jengo likashuka thamani. Naomba halmashauri ibandike kibao mlangoni chenye majina ya wamiliki wote, miaka na bei zote mbili.

Msomaji wenu,
Texas