Barua kwa rafiki kuhusu Askofu Atanasi

Mpendwa rafiki yangu,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wote wa nyumbani. Uliniuliza kama Atanasi wa Aleksandria alikuwa mtakatifu au mbishi tu, nami nadhani alikuwa yote mawili.

Maneno yale tunayoyasema kila Jumapili, “mwenye umungu mmoja na Baba”, yalipitishwa na mkutano wa maaskofu huko Nisea mwaka 325 dhidi ya mafundisho ya padri Ario, aliyesema kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, Atanasi akiwa bado shemasi. Miaka 3 baadaye akawa askofu, na katika miaka 45 ya uaskofu wake alifukuzwa mara 5, chini ya makaisari 4.

Mwaka 335 aliitwa mbele ya sinodi, yaani mkutano wa maaskofu, mjini Tiro. Wapinzani wake, miongoni mwao wafuasi wa Melitio, askofu wa Misri aliyeanzisha kundi lililojitenga, walikuwa wamedai kwamba alimuua askofu Arseni na kumkata mkono ili aufanyie uchawi, na mkono wenyewe wakautembeza. Inasimuliwa kwamba Atanasi aliingia na mtu aliyejitanda joho, akamfunua uso, kumbe ni Arseni, mzima kabisa! Akainua joho upande mmoja, mkono ukaonekana; akangoja kidogo, akainua upande wa pili; kisha akauliza ule wa tatu ulikatwa wapi. Hata hivyo sinodi ilimhukumu, na Kaisari Konstantino, alipoambiwa kwamba askofu huyu ametishia kuzuia nafaka ya Misri isifike Konstantinopoli, akampeleka uhamishoni Trier, mji wa mbali ulioko leo Ujerumani.

Ningependa kuishia hapo, lakini ipo barua ya mafunjo ya wakati uleule, ambamo mfuasi mmoja wa Melitio anawaeleza wenzake jinsi watu wa Atanasi, wakiwa na askari, walivyowapiga ndugu zake, na jinsi askofu mmoja alivyofungiwa katika soko la nyama. Ni maneno ya mpinzani, ndiyo, ila hakuyaandika ili tuyasome sisi, na kwa sababu hiyo siwezi kuyapuuza.

Usiku mmoja wa Februari 356, askari wa kaisari walipolizingira kanisa la Theona huko Aleksandria ili kumkamata, Atanasi alibaki kitini, akamwamuru shemasi asome zaburi na watu waitikie, “Kwa maana fadhili zake ni za milele”, akakataa kutoka kabla waumini hawajatoka, mpaka watawa wakamkokota nje. Anayesimulia ni yeye mwenyewe, na hapo ninamwamini.

Wako katika urafiki.