Swahiba, Mars hakuna jongoo

Swahiba wangu Salim,

Assalam aleikum. Natumai huko Doha mko salama na joto hilo. Huku kusi ishashika, usiku tunalala vizuri alhamdulillah. Ile voisi yako nimeisikiliza nikairudia, ile unasema dunia ishachoka na mwisho wa siku binadamu atahamia Mars akajenge nyumba za vioo aishi humo, nikaona bora nikae nikuandikie manake hili jambo linanikaa moyoni.

Hiyo nyumba ya vioo walishaijaribu bana, tena papa hapa duniani. Mwaka 1991 kule Arizona, Marekani, watu 8 walijifungia ndani ya jengo linaitwa Biosphere 2, lina msitu wake, bahari yake ndogo na matumbawe ndani, shamba, mbuzi, kuku, wakae miaka 2 bila kuletewa hewa. Basi oksijeni ikaanza kushuka polepole, kutoka asilimia 20.9 mpaka ikakaribia 14, wakawa wanachoka, wanahema kama wako juu ya mlima, na Januari 1993 ikabidi waingiziwe oksijeni ya nje. Na sababu ni nini? Udongo. Walitia mboji nyingi mno, vijidudu vya udongoni vikawa vinakula na kupumua vikaimaliza oksijeni, halafu ile kaboni dioksaidi vinayotoa, badala mimea iitumie irudi kuwa oksijeni, nyingi ikanywewa na saruji ya jengo! Wataalamu tele, dola mamilioni, na hesabu ya pumzi ya watu 8 haikutimia.

Hii dunia yetu inatimiza hesabu ya viumbe wote kila siku na hakuna anayelipa bili. Karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani inatoka baharini, kwa vile vimea vidogo vinavyoelea ambavyo jicho halivioni. Na sehemu yenyewe yenye uhai ni nyembamba ajabu, ukitoka chini kabisa baharini mpaka juu wanakoruka ndege ni kilomita 20 hivi, yaani toka mjini Mombasa upite Mtwapa kidogo basi, wakati kwenda katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Uhai wote tunaoujua uko humo.

Sasa Haller Park, pale Bamburi. Sisi tulipokuwa watoto tulienda kuangalia viboko na kobe tukarudi. Kumbe pale palikuwa timbo la kiwanda cha simiti, jiwe tupu, jua kali, maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, akaanza kujaribu miti, aina 26, zikapona 3 tu na mvinje ndio ukashinda. Lakini majani ya mvinje yakaanguka yakarundikana tu, hayaozi, udongo haupatikani. Akaleta majongoo. Ndio, jongoo huyu huyu tunayemfagia barazani! Yakala yale majani, kinyesi chao bakteria wakakimalizia, ikawa udongo, ndipo miti mingine ikapata pa kushika, ndege wakaja, na leo ni msitu. Kila nikipita pale nasimama kuangalia chini ya miti, siendi hata kwa viboko.

Na hata kisiwa chetu chenyewe, lile jiwe la Fort Jesus na la nyumba za Mji wa Kale, ni matumbawe ya zamani, kazi ya vijinyama vya baharini kabla hakujawa na mtu wa kuita pahali hapa Mvita. Mars utamkuta nani alokutangulia kukuandalia?

Kwa hivyo nina ombi. Binamu yako bado anauza fito na boriti za mikoko, na nasikia sasa vijana wake wanaingia hori ya Tudor usiku wanakata mpaka miti michanga, na kule mikoko ishaliwa vibaya, maji taka nayo yanamwagwa humo humo. Yale matope ndio yanaficha kaboni, na kwenye ile mizizi ndio kamba na samaki wadogo wanakulia. Mimi hanisikizi, ananiona mtoto wa mtaani tu. Wewe ni damu yake, mpigie wiki hii kabla bamvua, yale maji makubwa, halijaingia, mwambie michanga aiwache, na kama anataka miche ya kupanda mimi nitampa, ninayo hapa nyuma ya nyumba, mikoko na michu.

Wasalimie wote,
Ndugu yako Abdalla