Kwa Nini Watoto Wakimbie Uwanjani Kabla ya Kwenda Kumwona Duma

Walimu wa shule za msingi hapa Arusha wanaopanga safari ya Tarangire au Ngorongoro hutueleza tatizo moja: watoto huamka alfajiri, husafiri kwa saa kadhaa, humkuta simba amelala kivulini, na wanaporudi darasani huwa na machache ya kusimulia. Tunaamini kwamba mtoto anayetazama mnyama aliyetulia hawezi kujua mwili ule umeumbwa kwa kazi gani, isipokuwa kama amewahi kuijaribu kazi hiyo kwa mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana huduma yetu ya michezo ya kuigiza wanyama huanzia uwanjani, siku chache kabla ya safari.

Mchezo tunaoupa muda mrefu zaidi ni wa duma na swala. Duma huruhusiwa kukimbiza wakati wenzake wanahesabu hadi 20 tu, kisha lazima achuchumae mpaka pumzi imrudie, hata kama swala yupo hatua mbili mbele yake. Watoto hulalamika kwamba sheria hiyo ni ya uonevu, na hapo ndipo somo linapoanza. Duma anaweza kufikia mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa, lakini hawezi kuudumisha zaidi ya mita mia chache, na akishakamata windo huhema kwa muda kabla ya kula, huku fisi au simba akiweza kufika na kumnyang'anya. Swala tomi naye hamshindi duma kwa mbio, bali humpotezea mwendo kwa kukata kona. Katika raundi ya pili tunawataka watoto wakate kona kwa mwendo wa kadiri, kwanza wakiwa wamekunja mikono kifuani, kisha wakiwa wameinyoosha. Hugundua wenyewe jinsi mikono inavyowazuia wasiyumbe, na mkia mrefu wa duma huacha kuwa pambo.

Wapo wanaoondoa sheria ya kupumzika ili mchezo uchangamke. Hatukubaliani nao, kwa sababu mnyama akiondolewa udhaifu wake, kinachobaki ni kukimbizana kwa kawaida.

Kwa twiga tunatumia kikombe kilichowekwa chini, ambacho mtoto hutakiwa kukiokota bila kupiga magoti wala kukunja miguu. Baada ya kuhangaika kidogo hutanua miguu, kama twiga anavyofanya anapokunywa maji, kwa kuwa shingo yake, pamoja na urefu wake wote, haifiki chini. Katika mchezo wa popo, mtoto aliyefungwa kitambaa machoni huita, na "nondo" huitikia. Tunasisitiza kwamba kwa kawaida nondo halisi haitikii: mwitikio ule ni mfano wa mwangwi wa sauti ambayo popo anayekula wadudu huitoa, ikagonga mdudu na kumrudia. Mtoto asiyeweza kukimbia hatumweki pembeni kushika saa. Mara nyingi yeye ndiye popo wetu mahiri.

Kipindi kimoja huchukua saa moja na nusu kwa kundi lisilozidi watoto 30, asubuhi kabla jua halijawa kali. Shule huandaa uwanja wa nyasi usio na mashimo na maji ya kunywa, na hutujulisha mapema wanyama wanaotarajiwa kuonekana safarini, pamoja na watoto wenye pumu, ili tupange michezo ipasavyo.